Pesa Nanyuki, Mabomu Archers Post

Mlima Kenya hauwangoji wanaochelewa. Ukipita Naro Moru saa nne asubuhi, mawingu yamekwisha kuufunika, na mgeni hubaki kuonyeshwa kwa kidole mahali kilele kilipo. Matatu yetu iliondoka Nairobi kabla ya alfajiri, kwa hiyo tuliukuta wazi wote, miamba na theluji, upande wa kulia wa barabara. Abiria wenzangu hawakuuangalia. Wengi walikuwa wanarudi kwao, na mazungumzo yao yalizunguka jambo moja: kikosi kipya kimeshaingia au bado?

Kikosi walichokiulizia ni cha jeshi la Uingereza. Mama aliyeketi karibu nami ana vyumba vya kupangisha nyuma ya soko la Nanyuki. Hajawahi kumpangisha Mzungu hata mmoja, lakini wapangaji wake ni wapishi, madereva na wasafishaji wa kambini, na kodi humwambia mapema kama wanajeshi wapo au hawapo.

"Wakiwepo, napokea tarehe tano," aliniambia. "Wasipokuwepo, mwanangu, wapangaji wanasubiri na mimi nasubiri pamoja nao."

Nilisafiri nikiwa na swali moja, nalo ndilo lililonivusha Nanyuki hadi Samburu: kambi hii humnufaisha nani, na humgharimu nani? Nilikuwa nimewasikia wanaoisifu na wanaoilaani, na wote walizungumza kana kwamba faida na hasara zimelala kitanda kimoja. Nilitaka kuifuata barabara nione kila moja imelala wapi.

Kambi yenyewe, Nyati Barracks, ilifunguliwa Januari 2021 ndani ya eneo la kituo cha jeshi la anga cha Laikipia, kwa gharama ya pauni milioni 70. Kikosi cha mafunzo cha Uingereza nchini, BATUK kwa kifupi, kina watumishi wa kudumu kama mia moja tu, pamoja na wengine mia mbili na ushei wanaokuja kwa zamu fupi. Wanaofika kwa mazoezi ndio wengi. Huja batalioni baada ya batalioni, kila moja kwa takriban wiki nane, ikatawanyika katika ranchi za Laikipia na nyika za Samburu. Jeshi hilo limeipenda nchi hii kwa yale yale yanayowachosha wenyeji: jua la mchana, baridi ya usiku, vumbi, vilima vya mawe na hewa nyepesi ya juu. Wengi waliopelekwa kupigana Afghanistan walipitia hapa kwanza.

Lakini Nanyuki na wanajeshi wamejuana zamani. Kati ya 1911 na 1913 Wamaasai waliondolewa Laikipia na kusukumwa kusini, ingawa mkataba wa 1904 uliwaahidi kwamba ardhi hiyo ingekuwa yao daima. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, serikali ya kikoloni ilitangaza mwaka 1919 mpango wa kuwagawia mashamba wanajeshi wake waliostaafu, na sehemu kubwa ya mashamba hayo ilikuwa hapa, kwenye nyasi zilizoachwa wazi na ng'ombe wa Wamaasai. Mji ukakua kuwahudumia hao. Katika Vita vya Pili palikuwa na kambi ya mateka wa Kiitaliano. Januari 1943 mateka mmoja, Felice Benuzzi, alitoroka na wenzake wawili, wakaupanda Mlima Kenya kwa vifaa walivyojitengenezea kambini, kisha wakarudi wenyewe kujisalimisha. Baada ya uhuru Uingereza na Kenya zilikubaliana, mwaka 1964, kwamba wanajeshi wa Uingereza wangeendelea kufanya mazoezi nchini. Wakoloni waliondoka na bendera yao, mazoezi yakabaki.

Ninaitaja historia hii kwa sababu nilimsikia kijana mmoja mjini akisema kambi "imeleta" uchumi Nanyuki. Ilikuta uchumi uliokwisha kupangwa kuzunguka jeshi, juu ya ardhi iliyopatikana kwa namna hiyo. Ranchi kubwa zinazokodishwa leo kwa mazoezi ni watoto wa mpango ule ule wa ugawaji.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda pale barabara inapokata mstari wa ikweta, kwenye mlango wa mji kutoka Nyeri. Kuna safu ya vibanda vya vinyago. Fundi mmoja alinikaribisha kwenye benchi lake. Juu ya meza yake, katikati ya twiga na vifaru, zilipangwa ngao za mbao zilizochongwa nembo za vikosi vya Uingereza: mabawa ya askari wa miamvuli, vinubi, taji, panga zilizopishana. Hizi haziuzwi kwa watalii. Mwanajeshi humtumia picha ya nembo kwa simu, wanakubaliana bei, anatoa malipo ya awali, na fundi anachonga kwa mti wa mzeituni pamoja na jina la mwenyewe na mwaka wa mazoezi. Hajawahi kufika Uingereza, lakini kazi ya mikono yake imetundikwa kwenye kuta za mabweni ya jeshi huko. Aliniambia vikosi vipi vinapenda ngao nzito na vipi vinataka nyembamba ya kuingia begini, na kwa kweli sijapata kumsikia mtu mwingine akiifahamu miliki ya malkia na mfalme kwa undani wa namna ile.

Kalenda yake ina wiki nane. Wiki za mwanzo hakuna biashara, maana Johnny, kama wanavyomwita mwanajeshi wa Uingereza, yuko porini. Pesa hutoka mwishoni, siku za mapumziko kabla ya ndege. Katika siku hizo chache fundi huuza cha kumlipia karo mtoto na kununua mbao za msimu unaofuata. Mwaka 2020, Korona iliposimamisha mazoezi, siku hizo hazikuja. Alifunga kibanda akaenda Timau kulima viazi kwenye shamba la kaka yake.

Niliwakuta wengine wa namna yake. Muuza mboga anayempelekea mtu anayempelekea mwenye zabuni. Fundi cherehani anayepunguza suruali za kijani. Mwenye boda anayejua Kiingereza cha Manchester na Glasgow kwa lafudhi zake, na akikuchukua kutoka stendi atakueleza timu gani itashuka daraja na kwa nini. Wanawake wanaotunga bangili za shanga zenye jina la mteja, na bendera ya Uingereza ikiwa mteja ataiomba, kwa ufundi ule ule wanaotumia kumtungia mwari mkufu wake. Haya ni maarifa. Watu wamejifunza kumsoma mgeni, kumtengenezea anachokipenda, na kulisha nyumba zao kwa hicho. Wanaozungumzia kambi kwa hasira kutoka mbali hawana budi kuwaona hawa kwanza.

Mji una upande mwingine, na hakuna niliyezungumza naye kwa zaidi ya nusu saa ambaye hakuufikia mwenyewe bila kuulizwa. Agnes Wanjiru alikuwa na umri wa miaka 21 na mtoto mchanga alipotoweka Machi 2012, baada ya kuonekana na wanajeshi wa Uingereza kwenye hoteli moja mjini. Mwili wake ulipatikana miezi miwili baadaye ndani ya tangi la maji taka la hoteli hiyo. Mwaka 2019 hakimu aliyechunguza kifo hicho, Njeri Thuku, aliamua kwamba aliuawa, na kwamba wanajeshi wa Uingereza walihusika. Mahakama Kuu ya Kenya ilitoa hati ya kumkamata mshukiwa mmoja Septemba 2025, zaidi ya miaka 13 baada ya kifo. Mwanamke anayeuza nguo za mitumba karibu na Majengo, mtaa aliokuwa akiishi Agnes, alisema jambo nililolibeba safari nzima: kila mtu mjini alikuwa na la kupoteza kwa kusema. Mwenye hoteli alikuwa na wateja. Dereva alikuwa na kandarasi. Polisi alikuwa na wakubwa. Hakuhitajika mtu yeyote kuwaamuru wanyamaze.

Wapo pia watoto waliozaliwa na wanajeshi. Baadhi ni watu wazima sasa. Kesi zao zimefika Mahakama Kuu ya London, ambako vipimo vya DNA vimewapatia baadhi yao majina ya baba waliowakosa tangu kuzaliwa. Sikuwatafuta. Wamepigwa picha na wageni vya kutosha. Ila mama mmoja, nyanya wa mtoto kama huyo, aliniambia alichotaka ni mjukuu wake aweze kujaza fomu ya shule bila kuruka mstari.

Tangu 2022 jeshi la Uingereza limekataza wanajeshi wake kununua ngono popote wanapotumwa. Uchunguzi wa jeshi lenyewe, uliotangazwa Agosti 2025, ulikiri kwamba jambo hilo lilikuwa bado likiendelea Kenya na kutaja tuhuma 35. Umaskini wa msichana wa Likii, mtaa wa Nanyuki, haubadiliki kwa agizo linalosomwa kwenye gwaride.

Kutoka Nanyuki nilipanda gari la Isiolo. Barabara inapanda kuelekea Timau katikati ya ngano na mashamba ya maua, na upande wa kushoto, ng'ambo ya tambarare, vinaonekana vilima vya Lolldaiga. Machi 2021 moto ulizuka huko wakati wa mazoezi ya wanajeshi wa Uingereza, ukateketeza zaidi ya ekari 10,000 za hifadhi. Moshi ulishuka kwenye makazi. Wakazi waliungana na shirika la mazingira kufungua kesi, na mahakama ya ardhi na mazingira ya Nanyuki ikaamua mwaka 2022 kwamba inao uwezo wa kuisikiliza. Mwaka 2025 Uingereza ilikubali kulipa takriban pauni milioni 2.9 kwa walalamikaji 7,723. Ukigawanya sawasawa, ni chini ya pauni 400 kwa mtu. Abiria mmoja ndani ya gari alikuwa miongoni mwao, au alisema ndugu yake ndiye, sikumsikia vizuri kwa kelele za upepo. Jambo alilolikazia lilikuwa jingine: kwamba hifadhi hupata ada ya mazoezi, na majirani wake wakapata moshi.

Hapo ndipo hesabu yangu ilianza kujipanga. Jedwali la faida lina majina ya mjini na ya wenye ranchi. Jedwali la hasara lina majina ya nje ya uzio. Na kadiri gari lilivyoteremka kutoka Timau, kutoka baridi ya sweta hadi joto la kufungua vifungo, ndivyo nilivyokuwa nikihama kutoka jedwali la kwanza kwenda la pili.

Isiolo ulistahili muda zaidi ya nilioupa. Ni mji wa jeshi kupita hata Nanyuki, lakini jeshi la Kenya: shule ya askari wa miguu iko hapa, na kambi zinauzunguka mji. Wakazi wake wa zamani ni pamoja na Wasomali wa Isahakia, ambao babu zao walitumikia jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha wakapewa mahali pa kukaa na kuchunga hapa. Wajukuu wa askari hao waliishi kwa vizazi bila hati za ardhi waliyopewa kama shukrani. Nilikunywa chai ya maziwa ya ngamia kwa mama mmoja sokoni, nikamuuliza kama wanajeshi ni wateja. Alicheka. Wateja wake wako Eastleigh, Nairobi; maziwa husafirishwa kwa basi kila siku. Nilipenda jibu lile. Kumbe upo uchumi katika barabara hii usiongoja kikosi cha mtu.

Archers Post iko kilomita kama arobaini mbele, lami tupu, mlima Ololokwe umesimama kaskazini, na mto Ewaso Ng'iro unapita katikati ya mikoma. Uwanja wa mazoezi uko nje ya mji. Hauna ukuta. Una vibao, vichache na vilivyopauka, na njia za ng'ombe zimeupita tangu kabla ya vibao.

Katika uwanja huu na ule wa Dol Dol, huko Laikipia, kwa miongo kadhaa, wachungaji wameokota vitu ambavyo havikulipuka. Mtoto wa mbuzi anapoteza njia, mtoto wa mtu anamfuata, anakiona chuma kinachong'aa. Wengine huokota wakijua, kwa sababu vyuma kuukuu vina mnunuzi na mbuzi aliyekonda hana. Mwaka 2002 wizara ya ulinzi ya Uingereza ilikubali kuwalipa Wamaasai na Wasamburu zaidi ya 200 jumla ya takriban pauni milioni 4.5, katika kesi iliyoendeshwa na wakili Martyn Day. Baadhi yao walikuwa wamepoteza mikono au macho, na wengine watoto. Wizara ilishikilia kwamba majeshi mengine pia yametumia uwanja huo, jambo ambalo ni kweli, kwani jeshi la Kenya hufanya mazoezi papo hapo. Kwa mchungaji, bendera iliyokuwa kwenye sanduku la kombora haikubadilisha kitu mguuni mwake.

Mzee mmoja alinipokea chini ya mgunga nje ya boma lake. Kaka yake, aliyekatika mguu, alikuwa katika walalamikaji wa 2002. Nilimuuliza pesa zile zilifanya nini. Zilinunua ng'ombe, alisema, kwa sababu ndiyo benki waliyokuwa nayo. Ng'ombe walizaa. Halafu ukafika ukame ulioanza 2020, misimu ya mvua ikapita mmoja baada ya mwingine bila mvua, na kufikia 2023 zizi lilikuwa tupu. Fidia ilikwisha, mguu uliokatika haukurudi. Aliyasema hayo bila kumlaumu mtu, huku akichora mistari ya mipaka ya uwanja kwenye mchanga kwa fimbo yake, na mistari yake haikufanana na vibao nilivyoviona.

Nilipomuuliza kuhusu kazi, alihesabu vijana wa ukoo wake waliowahi kupata kibarua wakati wa mazoezi: kulinda vifaa, kuonyesha njia, kufukuza mifugo isiingie wakati wa kupiga shabaha. Kuna kisima kilichochimbwa na zahanati iliyokarabatiwa, na alivitaja kwa shukrani ya dhati. Hakuwa mtu wa kuficha wema. Lakini nilikuwa nimetoka mji ambako kodi ya nyumba hupanda na kushuka na vikosi, nami nilikuwa naangalia mahali ambapo vikosi huja kufyatua, na pengo lilikuwa wazi mno.

Kabla ya kuondoka nilipita Umoja, kijiji cha wanawake kilichoanzishwa mwaka 1990 na Rebecca Lolosoli na wenzake. Kati ya waanzilishi hao kumi na watano walikuwemo waliosema walibakwa na wanajeshi wa Uingereza waliokuwa mazoezini, kisha wakafukuzwa na waume zao kwa aibu isiyokuwa yao. Baadaye malalamiko ya mamia ya wanawake wa maeneo haya yalichunguzwa na polisi wa jeshi la Uingereza, na uchunguzi ukafungwa mwaka 2006 bila mtu yeyote kushtakiwa. Wanawake wa Umoja hawakungoja. Walitunga shanga, wakatoza watalii kiingilio, wakajenga kambi ya wageni kando ya mto, wakafungua shule. Mama aliyeniuzia mkufu alinipangia rangi akieleza ipi ni ya mwari na ipi ya mama wa moran, na hakutaja wanajeshi hata mara moja. Sikumuuliza. Biashara yake ilikuwa ikienda, na nilikuwa mteja.

Mkataba wa ulinzi kati ya nchi hizi mbili ulitiwa saini 2015, ukarudiwa 2021, na Bunge la Kenya likauidhinisha 2023 baada ya wabunge kupiga kura kwamba mwanajeshi atakayeua raia ashtakiwe Kenya. Mwaka 2024 kamati ya Bunge ilizunguka Laikipia na Samburu kusikiliza malalamiko. Mzee wangu wa Archers Post alikwenda, akangoja, akapewa dakika chache. Hasemi kambi ifungwe. Mimi pia sisemi hivyo, baada ya kukaa kwenye benchi la fundi wa ngao na kuyaona madaftari ya shule ya wanawe. Ninachosema ni kwamba waliozoea kuzungumza kwa niaba ya "jamii jirani" ni watu wa Nanyuki na Nairobi, na jirani wa karibu zaidi na bomu ni Msamburu asiye na chumba cha kupangisha.

Nilimuuliza mzee angeandika nini kama kalamu ya mkataba ingepewa yeye. Hakufikiri sana. Alitaka ofisi ya malalamiko iwe Archers Post, si Nanyuki ambako nauli ya kwenda na kurudi ni bei ya kondoo. Alitaka daktari wa upasuaji awepo karibu siku zote za mazoezi, kwa ajili ya raia na mwanajeshi sawasawa. Na alitaka kila jeshi linalotumia uwanja, la Kenya likiwemo, liache ramani ya mahali lilipopiga, tarehe na aina ya silaha, isomwe kwa Kisamburu barazani kabla ng'ombe hawajarudishwa malishoni.